Dar es Salaam hadi Guangzhou: kilomita 8,700, lakini ni siku ngapi?

Kila mwaka, Aprili na Oktoba, wafanyabiashara wa Afrika Mashariki na Kati hujipanga kwenda Guangzhou, kusini mwa China, kwa ajili ya Maonesho ya Canton. Maonesho hayo yalianza mwaka 1957 na hugawanywa katika awamu tatu. Anayetafuta mashine, vifaa vya umeme au vipuri huenda awamu ya kwanza, inayofunguliwa tarehe 15. Wa vyombo vya nyumbani, fanicha na vifaa vya ujenzi huenda ya pili, tarehe 23 hadi 27. Wa nguo, viatu na vitu vya watoto husubiri ya tatu. Kila awamu ni siku 5 tu. Zikiisha, mabanda yanabomolewa na wauzaji wanarudi mikoani kwao.

Kwa hiyo mtu aliyekosea hesabu ya safari kwa siku moja amepoteza sehemu ya tano ya kilichompeleka huko. Na wanaokosea ni wengi, kwa sababu wanapouliza "Guangzhou ni mbali kiasi gani?" hujibiwa kwa kilomita, au kwa saa za kuwa angani. Majibu yote mawili ni sahihi, lakini hakuna hata moja linaloonyesha siku utakayofika.

Umbali wenyewe

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, hadi Uwanja wa Baiyun, Guangzhou, ni takriban kilomita 8,710 kwa njia fupi kuliko zote, yaani ile ambayo ungepata kwa kuvuta uzi kwenye tufe la dunia kutoka nukta moja hadi nyingine. Kutoka Nairobi ni takriban kilomita 8,680. Wengi hudhani Nairobi iko karibu zaidi na China kwa sababu ina ndege nyingi, lakini tofauti ni kilomita 30 hivi, ambazo ndege huzimaliza kwa dakika mbili.

Asishangae mtu akikuta tarakimu nyingine kwenye mtandao. Umbali huohuo wa kilomita 8,710 ni maili 5,410 hivi za nchi kavu, na ni maili 4,700 hivi za baharini, ambazo ndizo marubani wanazotumia. Baadhi ya kurasa huandika "maili" bila kusema za aina gani, na hapo ndipo watu hubishana bure.

Njia hiyo fupi huondoka pwani ya Tanzania, ikapita baharini kaskazini mwa Shelisheli, na nusu ya safari inapokamilika ndege inakuwa karibu na pwani ya Kerala, kusini mwa India. Kisha hukata India ya kusini na Ghuba ya Bengal, ikaingia Burma na kaskazini mwa Vietnam hadi China. Ndege yenyewe haifuati uzi huo sawasawa. Hufuata njia zilizopangwa na waongozaji wa anga, hukwepa mawingu mazito, na mara nyingine huzunguka angani ikisubiri zamu ya kutua. Ongeza kilomita mia moja au mia mbili, hutakuwa umekosea.

Saa za angani

Ndege kubwa za kisasa kama Boeing 787 huenda karibu kilomita 900 kwa saa zikishafika juu. Gawanya 8,710 kwa 900, unapata saa 9 na dakika 40. Ongeza muda wa kutembea uwanjani, kupaa, kupunguza mwendo na kutua, unafika kwenye saa 10 na nusu hadi 11 kwa ndege isiyosimama njiani. Huo ndio muda ambao mashirika huandika kwenye ratiba: unahesabiwa tangu ndege inapoondoka mlangoni hadi inaposimama mlangoni kule iendako, siyo tangu magurudumu yanapoacha ardhi.

Kurudi huchukua muda mrefu zaidi, kwa kawaida nusu saa hadi saa nzima ya ziada. Sababu ni upepo. Juu kabisa, kimo cha kilomita 10 hadi 12, kuna mkondo wa upepo unaotoka magharibi kwenda mashariki. Wakati wa baridi ya kaskazini, Desemba hadi Februari, mkondo huo hushuka kusini na kupita kwa nguvu juu ya India ya kaskazini na China ya kusini. Ndege inayokwenda China husukumwa nao. Inayorudi Afrika hupambana nao. Katikati ya mwaka mkondo huo hurudi kaskazini na tofauti hupungua.

Ndege za moja kwa moja zimekuwa zikija na kuondoka. China Southern ilifungua njia ya Guangzhou na Nairobi Agosti 2015. Kenya Airways ilisitisha safari zake za Guangzhou tarehe 31 Januari 2020 kwa sababu ya korona, na wageni wakaendelea kukutana na karantini China hadi ilipofutwa tarehe 8 Januari 2023. Air Tanzania nayo iliingia kwenye njia ya Guangzhou mwaka 2021. Ratiba za njia hizi hubadilika mara kwa mara, zikiwamo siku za wiki na hata vituo vya njiani, kwa hiyo aliyesafiri mwaka jana asimpangie mwenzake safari ya mwaka huu kwa kumbukumbu.

Kupitia Addis au Dubai

Wengi husafiri kwa kuunganisha ndege. Hapa kuna jambo ambalo mawakala wa tiketi hawalisemi. Dar es Salaam hadi Addis Ababa ni kilomita 1,760 hivi, na Addis hadi Guangzhou ni 8,040. Jumla ni 9,800. Dar es Salaam hadi Dubai ni 3,980, na Dubai hadi Guangzhou ni 5,830. Jumla ni 9,800 pia! Kupitia Doha ni kilomita 10,000 hivi. Anayesema "Dubai ni kuzunguka, Addis ndiyo njia fupi" anaangalia ramani kwa macho bila kupiga hesabu.

Kwa hiyo njia zote mbili huongeza kilomita 1,100 tu juu ya safari ya moja kwa moja. Hizo ni saa moja na robo za kuruka. Ukijumlisha na muda wa kutua na kupaa mara ya pili, saa za kuwa ndani ya ndege hufika 13 hivi. Tofauti ya saa mbili au mbili na nusu haimpi mtu sababu ya kulipa tiketi ghali. Kinachokula siku ni kusubiri uwanjani.

Chukua mfano wa tiketi mbili za kupitia Dubai, zote zikiondoka Dar es Salaam Jumatatu saa 11:00 jioni, ambayo kwenye tiketi huandikwa 17:00. Safari ya kwanza ni saa 5 na nusu, na Dubai wako mbele kwa saa moja, hivyo unafika saa 5:30 usiku wa huko. Tiketi ya kwanza inakuunganisha baada ya saa 3 na nusu. Unaondoka saa 9:00 usiku, unaruka saa 7 na robo, unaongeza saa 4 za tofauti ya majira, na unafika Guangzhou Jumanne saa 8:15 mchana. Safari nzima ni saa 16 na robo. Kuna muda wa kupita uhamiaji, kupata hoteli, kuoga, kula na kulala mapema.

Tiketi ya pili ni rahisi kidogo kwa bei, lakini inakukalisha Dubai saa 11. Unaondoka saa 4:30 asubuhi, unafika Guangzhou Jumanne saa 3:45 usiku. Ukimaliza uhamiaji na mizigo, ukatafuta usafiri wa mjini, unafungua mlango wa hoteli karibu na saa 6 usiku. Kesho yake ni siku ya kwanza ya maonesho, na mwili bado uko Dar es Salaam. Tiketi zote mbili zinaonyesha umefika Jumanne, lakini ni mmoja tu aliye na Jumatano yake.

Muda mfupi sana wa kuunganisha nao una hatari yake. Saa moja na nusu inatosha kama ndege ya kwanza haijachelewa, na kama tiketi zote mbili zimeandikwa pamoja. Zikiwa pamoja, ukikosa ndege ya pili shirika linalazimika kukutafutia nyingine. Ukiwa umenunua tiketi mbili mbalimbali kwa kufuata bei, kuchelewa kwa ya kwanza ni hasara yako mwenyewe. Zaidi ya hapo, mara nyingi utatakiwa kuchukua mizigo na kuipima upya, jambo linaloweza kukudai viza ya nchi unayopitia.

Viwanja vya kuunganisha navyo hupatwa na mambo. Tarehe 16 Aprili 2024, siku moja tu baada ya Maonesho ya Canton kufunguliwa, mvua kubwa ilifurika uwanja wa Dubai na safari zikavurugika kwa siku kadhaa. Juni 2025 anga ya Qatar ilifungwa kwa saa kadhaa kwa sababu ya vita. Hakuna wa kulaumiwa kwa hayo, ila anayefika siku moja kabla ya maonesho yuko salama kuliko anayefika asubuhi yenyewe. Guangzhou kwenyewe, kuanzia Julai hadi Septemba, tufani huweza kufuta ndege za siku nzima.

Saa tano zinazopotea na zinazorudi

Tanzania, Kenya na Uganda ziko saa 3 mbele ya saa ya dunia. China yote, kubwa ilivyo, hutumia saa moja tu, saa 8 mbele. Tofauti ni saa 5, na hizo hukatwa ukienda na kurudishwa ukirudi. Ndege ya moja kwa moja inayoondoka Guangzhou saa 6:15 usiku na kuruka saa 11 na nusu hutua Dar es Salaam saa 12:45 asubuhi. Kwa saa ya ukutani safari hiyo ni saa 6 na nusu tu. Ndiyo maana mtu akitoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika anapata jibu la ajabu. Ratiba zote huandikwa kwa saa ya mahali husika: ya kuondoka kwa saa ya huku, ya kufika kwa saa ya kule.

Alama ya +1 pembeni ya saa ya kufika ina maana kwamba utafika tarehe inayofuata. Ni alama ndogo sana, na wengi huikosa wanapopanga hoteli.

Lakini kosa linalowagharimu wasemaji wa Kiswahili kuliko yote liko kwenye usiku wa manane. Kwetu usiku unahesabika na siku iliyopita kwa wengine, na siku inayofuata kwa wengine. Tiketi haina mjadala: siku huanza 00:00. Tiketi ikisema Jumatano 00:15, ndege inaondoka saa 6:15 usiku wa kuamkia Jumatano. Mtu anatakiwa awe uwanjani Jumanne saa 3 usiku. Akienda Jumatano usiku atakuta ndege yake iliondoka karibu saa 24 zilizopita, naye hesabiwe kuwa hakutokea. Tiketi nyingi za bei nafuu hazirudishiwi pesa kwa kosa hilo. Njia salama ni kuandika kwa kalamu juu ya tiketi: "Kwenda uwanjani Jumanne jioni."

Saa za Kiswahili zina faida yake pia, na hii ni kwa wanaopiga simu kiwandani bila kusafiri. Ukiwa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, chukua saa ya Kiswahili uliyonayo, toa moja, na utapata namba iliyo kwenye saa ya ukutani ya Guangzhou. Saa tatu asubuhi, toa moja, ni 2: kwao ni 2 mchana, yaani saa nane. Saa saba mchana, toa moja, ni 6 jioni, na ofisi zinafungwa. Aliyeko Bujumbura, Kigali, Goma au Lubumbashi yuko saa 6 nyuma ya China, na kwake haitakiwi hata kutoa. Saa tatu asubuhi ya Bujumbura ni 3 mchana Guangzhou moja kwa moja.

Ofisi nyingi za China hufunguliwa saa 3 asubuhi yao, ambayo Dar es Salaam ni saa 10 alfajiri. Huenda chakula cha mchana wakati sisi tunafungua maduka, saa 1 hadi saa 2 au 3 asubuhi. Muda wa maana wa kumpata mtu wa kiwandani akiwa mezani kwake ni kati ya saa 3 asubuhi na saa 7 mchana. Anayesubiri adhuhuri ipite ndipo atume ujumbe kuhusu rangi au vipimo amejiongezea siku moja ya kungoja jibu.

Kwa wa Bujumbura, Kigali na Lubumbashi

Wafanyabiashara wa nchi jirani wamezoea kudhani kwamba mtu wa pwani ana nafuu. Kwa bahari ni kweli, kwa ndege siyo lazima. Kwa kupitia Addis Ababa, jumla ya umbali hadi Guangzhou kutoka Entebbe ni kilomita 9,260 hivi, kutoka Kigali 9,590, kutoka Bujumbura 9,760. Zote ni pungufu ya zile 9,800 za Dar es Salaam. Lubumbashi peke yake ndiyo iko mbali zaidi, kilomita 10,640 hivi.

Hivyo mtu wa Bujumbura anayepanda basi hadi Dar es Salaam ili apate tiketi ya bei nafuu anaongeza mwendo wa siku mbili hivi wa barabara na mipaka ya kupita kwa safari ambayo haijapungua hata kilomita moja. Tofauti ya tiketi ikiwa kubwa inaweza kulipa. Lakini siku hizo mbili za kwenda na mbili za kurudi ziingizwe kwenye hesabu pamoja na chakula na malazi, na duka lililofungwa nyumbani.

Mzigo unaoruka saa 11 na kufika baada ya wiki

Mteja wa Kariakoo au Eastleigh huuliza: ndege inachukua saa 11, kwa nini mzigo wangu wa ndege umechukua siku 8? Kuruka ni sehemu ndogo ya safari ya mzigo. Kwanza wakala hukusanya mizigo ya watu wengi hadi ijae kiasi cha kukata nafasi. Kisha forodha ya China, kisha kusubiri nafasi ndani ya ndege, kisha forodha ya huku na kutenganisha mizigo ya kila mtu. Mzigo ukipitia uwanja wa kuunganisha, unaweza kukaa huko siku kadhaa kwa sababu ndege ya pili ni ndogo kuliko ya kwanza. Abiria hupewa nafasi mbele, katoni baadaye.

Kuna na lile la upepo. Safari ya kutoka Guangzhou ndiyo inayojaa bidhaa, na ndiyo inayopambana na upepo wa mbele. Ikihitaji mafuta zaidi na ndege imejaa abiria na masanduku yao, kinachopunguzwa ni kargo. Miezi ya Desemba na Januari, watu wanapokimbizana kuleta bidhaa kabla ya sikukuu na kabla viwanda havijafungwa kwa Mwaka Mpya wa Kichina, ndiyo miezi ambayo upepo huo una nguvu. Anayeahidi wateja wake mzigo wa ndege wa kipindi hicho aongeze siku.

Na kabla ya kulinganisha bei ya ndege na ya meli, mtu apime katoni kwa rula, siyo kwa mizani pekee. Kargo ya ndege hulipiwa kwa uzito au kwa ukubwa, kile kilicho zaidi. Kanuni ya kawaida ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, kisha gawanya kwa 6,000. Katoni ya ndala yenye sentimita 60 kwa 50 kwa 40 inatoa 120,000. Ukigawanya unapata kilo 20. Hata kama mizani inasoma kilo 12, utalipia 20. Kampuni za vifurushi vya haraka hugawanya kwa 5,000, na katoni hiyohiyo inakuwa kilo 24. Simu na vipuri vidogo hulipwa kwa uzito wake halisi na ndege huwa inalipa. Ndala, mabeseni na midoli vipande kwenye kontena.